Ngazi mbili na ndoo hamsini

Swali la haraka kabla hujaendelea kusoma. Uniti moja ya maji, hiyo inayoandikwa kwenye ankara ya mwezi, ni ndoo ngapi za lita ishirini? Usifungue kikokotoo cha simu. Taja namba iliyokujia kwanza kichwani.

Kama umesema hamsini, uko sawa. Kama umesema kumi, mia mbili, au "inategemea na presha ya bomba", una wenzako wengi, na wengi wao walifaulu hisabati darasa la saba. Ndiyo maana leo nataka tuikosoe ngazi. Si ngazi ya fundi rangi, ni ile ya ubaoni: kilolita, hektolita, dekalita, lita, desilita, sentilita, mililita. Ukishuka kipandio kimoja unazidisha kwa kumi, ukipanda unagawanya kwa kumi. Kama ulisoma shule ya msingi Tanzania, uliinakili kwenye daftari, ukapewa maswali ya "badili lita 4.5 kuwa sentilita", ukapata vema zako, maisha yakaendelea.

Niitendee haki kwanza. Kama kifaa cha kufundishia, ngazi ni kazi nzuri. Uzuri wote wa mfumo wa metriki ni kwamba kila kitu kinakwenda kumi kumi. Mtoto hahitaji kukariri kwamba painti nane ni galoni moja, wala kwamba galoni ya Uingereza ina lita 4.546 na ya Marekani ina 3.785. Anatakiwa kujua majina saba kwa mpangilio na kuhesabu hatua, basi. Kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika na chaki mbili mfukoni, hiyo si neema ndogo. Kwa hiyo sina ugomvi na walimu, na ngazi yenyewe haidanganyi popote. Ila inanyamaza pale ambapo ingepaswa kusema.

Inanyamaza kwenye ukurasa unaofuata. Baada ya lita unakuja ujazo wa mche mstatili: urefu mara upana mara kimo, jibu kwa sentimita za ujazo au mita za ujazo. Mwanafunzi anafika hapo akiwa na ngazi nyingine kichwani, ile ya urefu. Kutoka mita hadi sentimita ni hatua mbili, yaani mara mia. Sasa kutoka mita ya ujazo kwenda sentimita ya ujazo je? Anafanya anachokijua: hatua mbili, mara mia. Jibu sahihi ni mara milioni moja.

Milioni imetoka wapi? Fikiria boksi lenye mita moja kila upande. Panga ndani yake vipande kama vya sukari, kila kimoja sentimita moja kwa kila upande. Mstari mmoja kwenye sakafu unachukua vipande 100. Sakafu nzima inachukua mistari 100 ya namna hiyo, yaani vipande 10,000. Kisha unapandisha matabaka 100 mpaka juu, unapata 1,000,000. Yaani ukiwa kwenye ujazo huishuki ngazi ya urefu mara moja, unaishuka mara tatu kwa mpigo: kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Kila hatua ya kumi inakuwa kumi mara kumi mara kumi.

Matokeo yake ni kwamba kuna ngazi mbili zilizoegemezwa ukuta mmoja. Ya lita ina vipandio vya kumi kumi. Ya mita za ujazo ina vipandio vya elfu elfu. Zote zinapima kitu kilekile, na zinakutana sehemu tatu. Mililita moja ni sentimita moja ya ujazo. Lita moja ni desimita moja ya ujazo, yaani boksi lenye sentimita kumi kila upande. Kilolita moja ni mita moja ya ujazo. Vivuko hivyo vitatu ndivyo somo lenyewe, mengine yote ni kuhesabu sifuri. Lakini ngazi inajaza ubao mzima, halafu vivuko vinapewa mstari mmoja chini kabisa wenye neno "kumbuka". Na sote tunajua hatima ya mistari yenye neno "kumbuka".

Hili si suala la maksi tu. Twende Mapinga, au Kerege, au Kiromo, popote kando ya barabara ya Bagamoyo ambako nyumba mpya zinaota kila mwezi. Wengi huko wanachimba tenki la zege chini ya ardhi kwa sababu bomba halitoki kila siku. Tuchukue tenki la kawaida: urefu mita 2, upana mita 1.5, kina mita 1.2. Ujazo wake ni mita za ujazo 3.6. Kipindupindu kimetangazwa mtaa wa pili, na mwenye nyumba anataka kutia klorini. Maelekezo ya klorini huja kwa miligramu kwa lita, kwa hiyo lazima ajue tenki lina lita ngapi.

Jibu ni lita 3,600. Lakini mtu aliyebaki na ngazi tu, akakumbuka "hatua mbili, mara mia", anapata 360. Tazama ubaya wa kosa hili: 360 ni namba inayoonekana ya kawaida kabisa. Haistui. Angepata lita 36 milioni angecheka na kurudia hesabu. Tuseme dozi inayotakiwa ni miligramu 2 kwa lita. Kwa lita 3,600 anahitaji gramu 7.2 za klorini, na kama unga alionao una nguvu ya asilimia 70, apime karibu gramu 10. Kwa hesabu ya 360 anapima gramu moja. Maji yake yanapata miligramu 0.2 kwa lita kwa jumla, na kiasi hicho kinaliwa na uchafu uliomo kabla hakijagusa kimelea hata kimoja. Shirika la Afya Duniani linataka miligramu 0.2 kwa lita iwe ndiyo klorini inayobaki mahali mtu anapochotea, baada ya klorini kumaliza kazi yake. Yeye ameanza na hiyohiyo. Halafu watoto wanakunywa kwa amani kwa sababu "baba ametia dawa".

(Usichukue namba hizi kama maelekezo ya tenki lako. Unga hutofautiana nguvu na maji hutofautiana uchafu. Soma karatasi ya dawa uliyonunua, au muulize bwana afya.)

Utasema mtu mzima angejua kwamba tenki la kina cha kiuno haliwezi kuwa na lita 360, kwani hizo ni ndoo kumi na nane tu. Sawa kabisa! Angejua, kama angefikiria kwa ndoo. Sasa hiyo ndiyo lawama yangu ya pili: ngazi haina ndoo. Haina dumu, haina sado, haina boza, haina simtanki. Ina dekalita. Lini mara ya mwisho umemsikia mtu sokoni akiomba dekalita ya kitu chochote?

Pwani hii ilikuwa na ngazi yake kabla ya ile ya Mfaransa kufika. Vibaba viwili vilikuwa kisaga, visaga viwili vilikuwa pishi. Kila kipandio kilikuwa chombo unachoweza kukishika, na mtoto aliyetumwa kupima mtama hakuhitaji kukariri kitu, alihitaji macho. Methali ya haba na haba kujaza kibaba tunaifundisha kama somo la subira, ila ukiitazama vizuri ni somo la ujazo. Kasoro ya ngazi hiyo ilikuwa kwamba kibaba cha soko moja hakikuwa lazima kilingane na cha soko jingine, na kwa mji kama Bagamoyo, ambako misafara ya bara ilikutana na majahazi ya Unguja, kasoro hiyo ilikuwa na gharama. Sisemi turudi huko. Ninachosema ni kwamba tulipobadilisha ngazi tulipata usawa wa vipimo, tukapoteza vyombo.

Pishi yenyewe haijafa. Kila Ramadhani ikielekea mwisho inarudi, kwa sababu zaka ya fitri hupimwa kwa pishi ya chakula kikuu, na siku hizi inatajwa kama kilo mbili na nusu. Umeona kilichotokea hapo? Pishi ni kipimo cha ujazo, kilo ni kipimo cha uzito. Pishi ya mchele, pishi ya unga na pishi ya tende hazilingani uzito, kwa sababu vitu hivyo havijashikamana sawasawa ndani ya chombo. Namba moja ya kilo ni makadirio ya kurahisisha maisha, na kwa mchele yanafaa. Lakini mwanafunzi aliyezoea ngazi anaweza kudhani kwamba lita na kilo ni vipandio vya ngazi moja, kwa sababu kwa maji zinalingana: lita moja ya maji, kilo moja. Mpe lita ishirini za mafuta ya kupikia na mizani, ataona hazifiki kilo ishirini.

Debe nalo lina kisa chake. Lile debe la bati la mafuta ya taa lilikuwa la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18.18. Ndoo ya plastiki iliyorithi kazi yake ni ya lita 20, lakini bado kuna watu wanaita ndoo "debe" na debe "ndoo" kama vile ni kitu kimoja. Kwenye mita moja ya ujazo zinaingia ndoo 50, au madebe 55. Tofauti ya tano hiyo si ya kupuuza kama unauza mahindi. Na sado, ile ndoo ndogo ya kupimia nyanya na viazi ambayo inasemekana imepata jina kwa rangi ya Sadolin, inakaribia lita nne, kwa hiyo sado tano ni ndoo moja. Ukimwambia hivyo mtoto wa Magomeni ya Bagamoyo anakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Kwa nini tusianzie hapo?

Tukiwa bado kwenye lugha, niseme jambo kuhusu neno "mita". Kwenye mtaa wenye bomba lina maana tatu. Kuna mita ya urefu, kuna mita ya ujazo, na kuna mita iliyofungwa ukutani, ambayo kwa Kiswahili fasaha ni dira ya maji lakini msomaji wake bado tunamwita msoma mita. "Mita imesoma mita tano" ni sentensi halali kabisa, na mgeni hawezi kuielewa. Labda ndiyo sababu tumekimbilia neno "uniti", ambalo halisemi chochote. Uniti ya nini? Kwenye umeme ni kilowati-saa, kwenye maji ni mita ya ujazo, na jina moja limefunika vyote viwili. Mtu anaweza kulipia uniti za maji miaka kumi asijue kwamba uniti ni boksi la mita moja kila upande.

Kisha kuna "lita za ujazo". Utaisikia kwenye taarifa za miradi ya maji: tenki lenye lita za ujazo laki tano. Lita tayari ni ujazo, kusema lita za ujazo ni kama kusema kilo za uzito. Halina madhara likiwa peke yake. Madhara yanakuja pale msikilizaji anapoacha kutofautisha lita na mita za ujazo kwa sababu zote mbili zina mkia uleule, na kati yake kuna mara elfu moja.

Mtambo wa Ruvu Chini, uliopo hapahapa wilayani Bagamoyo, ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi lita milioni 270 kwa siku. Ripoti nyingine itakuambia mita za ujazo 270,000. Ni kitu kilekile. Lakini msomaji anayesoma "milioni 270" leo na "270 elfu" wiki ijayo ana haki ya kudhani kuna mtu amekula maji. Namba yenyewe ni kubwa kiasi kwamba haionekani, kwa hiyo tuivunje. Siku ina sekunde 86,400. Gawanya, unapata mita za ujazo 3.125 kwa kila sekunde. Kwa ndoo ni 156 kila sekunde, usiku na mchana, zikipita kwenye mabomba kuelekea Dar es Salaam. Wakati umesoma aya hii zimepita ndoo elfu kadhaa.

Ongeza Ruvu Juu ya Mlandizi, yenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, unapata lita milioni 466. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Gawanya tena: lita 86 na ushee kwa kila mtu, ndoo nne na kidogo. Hiyo ni mitambo ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, kabla ya kutoa yanayovuja njiani, yanayokwenda viwandani, na yanayotumika huku Pwani ambako mto wenyewe unapita. Sasa kumbuka Oktoba 2022, maji ya Ruvu yaliposhuka kwa ukame na jiji likaingia kwenye mgawo. Ukiwa na hiyo namba ya ndoo nne kichwani, tangazo la mgawo halihitaji mfasiri. Ukiwa na "mita za ujazo 270,000" tu, unabaki kulalamika bila kujua unalalamikia ukubwa gani.

Bwawa la Kidunda linalojengwa Morogoro ili kuushika mto huohuo nalo limepata namba mbili: mita za ujazo milioni 190, na lita bilioni 190. Nimewahi kusikia watu wazima, wasomi, wakibishana ipi ni ya kweli. Zote. Mwulize mbishi wako wa baa swali lililo bora zaidi: bwawa likijaa, linaweza kulisha mitambo yote miwili kwa siku ngapi kama mto ukikauka kabisa? Milioni 190 gawanya kwa 466,000, unapata siku 407, ukisahau kwamba jua nalo linakunywa. Hesabu hiyo inafanyika kwa dakika moja kama umeweka kila kitu kwenye mita za ujazo. Ukichanganya lita na mita za ujazo unapata chini ya nusu ya siku, au siku laki nne.

Turudi mtaani, kwenye pesa. Tuseme jirani mwenye bomba anauza ndoo kwa shilingi 100. Zidisha kwa hamsini: uniti moja inakwenda kwa shilingi 5,000. Akiuza kwa 200, ni 10,000. Mwenye mkokoteni akikuletea dumu kwa 500, umenunua uniti kwa shilingi 25,000. Sasa chukua ankara ya mtu aliyeunganishwa, tazama bei ya uniti, ulinganishe mwenyewe. Boza ni rahisi zaidi: la lita 10,000 ni uniti kumi, kwa hiyo gawanya bei yake kwa kumi. Hiyo "hamsini" ingefundishwa darasa la tano kama tunavyofundisha kwamba saa ina dakika sitini, kila mama anayenunua maji kwa ndoo angejua analipa mara ngapi ya bei ya bomba. Sidhani bei ingeshuka kesho yake. Ila mazungumzo kwenye mkutano wa serikali ya mtaa yangekuwa tofauti.

Msinielewe vibaya, vipandio vya katikati vina kazi, ni kwamba hatukuambiwa. Desilita iko kwenye kadi ya kliniki. Mjamzito anapoambiwa damu yake ni 11, maana yake ni gramu 11 za himoglobini kwa desilita moja ya damu, yaani kwa mililita 100, na chini ya 11 anahesabiwa ana upungufu. Hektolita inatumika kwenye viwanda vya bia. Na dekalita, niliyoicheka hapo juu, umeitazama kila siku bila kuijua. Nenda kwenye dira yako ya maji, ile ya magurudumu. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo. Tarakimu nyekundu zinazofuata ni sehemu za mita ya ujazo: ya kwanza ni lita mia mia, ya pili ni lita kumi kumi, ya tatu ni lita moja moja. Hektolita, dekalita, lita. Ngazi ya ubaoni imefungwa ukutani kwako, imetiwa rangi, na inazunguka yenyewe. Bora zaidi, gurudumu jeusi la mwisho ni kilolita, ambayo ndiyo mita ya ujazo. Kivuko kile kilichofichwa kwenye "kumbuka" kiko pale nyeusi inapokutana na nyekundu.

Wakubwa wa sayansi nao waliwahi kuwa na ngazi mbili zisizokutana, tena kwa sheria. Ufaransa ya 1795 ilitaka lita iwe desimita ya ujazo. Lakini mwaka 1901 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua lita iwe nafasi inayochukuliwa na kilo moja ya maji safi, kwenye joto ambalo maji huwa mazito kuliko wakati wote. Kilo ile ilikuwa imekosewa kidogo sana ilipotengenezwa, kwa hiyo lita ikatoka desimita za ujazo 1.000028. Kidogo, si ndiyo? Kwa chupa ya soda hakuna tatizo. Kwa Ruvu Chini ya leo, tofauti hiyo ingekuwa lita 7,560 kwa siku, ndoo 378. Mwaka 1964 mkutano huohuo ukaifuta tafsiri ya 1901 na kuirudisha lita kwenye desimita ya ujazo, bila mabaki. Kwa hiyo kijana wa kidato cha kwanza anayechanganyikiwa kati ya lita na desimita ya ujazo asijione mjinga. Yuko kwenye mkanganyiko uliodumu miaka 63 kisheria. Yeye anabebeshwa na mzigo wa ziada: mwaka uleule anaohamia sekondari, kila jina alilojifunza kwa Kiswahili linabadilika kuwa Kiingereza, na kivuko ambacho hakikufundishwa vizuri kwa lugha ya kwanza hakifundishwi tena kwa ya pili, kwa sababu silabasi inadhani anakijua.

Ningefanyaje mimi? Ngazi ningeiacha, ila ningeitanguliza vitu viwili. Cha kwanza ni boksi la manila lenye sentimita kumi kila upande, mfuko wa plastiki ndani (ule mwembamba wa kufungashia, usiniletee ule uliopigwa marufuku 2019), na chupa ya maji ya lita moja. Mimina. Linajaa hadi ukingoni, na darasa zima limeona lita na desimita ya ujazo zikiwa kitu kimoja. Cha pili ni fito kumi na mbili za mita moja na kamba, zifungwe ziwe boksi tupu katikati ya uwanja. Waulize wanafunzi litachukua ndoo ngapi kabla hujawaambia. Halafu waambie wahesabu maboksi ya manila: kumi mara kumi mara kumi.

Kwa watoto wa Bagamoyo kuna darasa jingine linalolala juani bure, majaruba ya chumvi ya Nunge. Jaruba la mita 20 kwa 30 lililojazwa maji ya bahari kina cha sentimita 10. Mwenye ngazi atazidisha 20 kwa 30 kwa 10 apate 6,000 asijue ni 6,000 za nini. Badili kina kwanza kiwe mita 0.1, unapata mita za ujazo 60. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvichumvi kwa lita. Na hapa kuna zawadi: gramu kwa lita na kilo kwa mita ya ujazo ni namba ileile, kwa sababu umezidisha juu na chini kwa elfu. Kwa hiyo kilo 35 mara 60, tani mbili na kilo mia, ambazo zaidi ya robo tatu yake ndiyo chumvi ya mezani. Mvua nayo ina zawadi kama hiyo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Bati la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 50 siku moja ya masika limekupa lita 3,000, ukitoa zinazoruka pembeni, na lile tenki la Mapinga linakaribia kujaa bila boza.

Na kama kuna mtunga mitihani anasoma hapa, namwomba aachane walau mara moja na lita 4.5 kuwa sentilita. Aweke hili. Saa nne usiku familia imefunga mabomba yote, tarakimu nyekundu za dira zinasoma 582. Saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajafungua bomba, zinasoma 606. Bomba linavuja lita ngapi kwa saa? Kwa mwezi wa siku 30 zitapotea uniti ngapi, na ndoo ngapi? Jibu la mwisho linakaribia ndoo 123. Dira yako ikisogea usiku huu, hesabu ya kwako utaipata kwa njia ileile.